Vidole Vinne vya Zulia

Dilshada alilisoma zulia kwa kuimba. "Nne waridi," aliimba, "moja bluu, sita maziwa."

"Ipo," akaitikia baba yake.

"Ipo," akaitikia Habib.

Vidole vya wanaume wawili vikakimbia juu ya nyuzi za mtande, vikafunga vifundo vinne vya waridi, kimoja cha bluu, sita vya rangi ya maziwa, na kisu kidogo kikakata ncha kabla sauti haijaita tena. Huko Kashmiri watu hufuma hivyo: mmoja husoma, wengine hufunga. Msomaji hushika utepe wa karatasi ya kaki uliojaa alama ndogondogo kama nyayo za kuku, nao huitwa taalimu. Mfumaji haoni ua analolifuma. Analisikia tu, kifundo kwa kifundo, na kuliamini.

Fundi Ahad alikuwa msomaji kwa miaka thelathini, hadi macho yalipomsaliti. Uliingia ukungu ambao miwani haikuutoa, na zile nyayo za kuku zikawa tope tupu. Akahamia kwenye ubao wa wafumaji, akabaki na vidole vyake tu, na kwenye mkeka wa msomaji akamkalisha bintiye wa pekee, wa miaka kumi na mitatu. Mafundi wenzake walimcheka. Msomaji wa kike, tena mtoto. Mwaka haukuisha, wakaanza kuja kusimama mlangoni wamsikilize. Dilshada hakukosea. Zaidi ya hapo alikuwa na kipaji ambacho Ahad mwenyewe hakuwahi kuwa nacho: sauti yake ilimdokeza mfumaji, kabla ya neno lenyewe, kwamba rangi inakaribia kubadilika, kama mtu anayekushika kiwiko penye ngazi.

"Huyu akinisomea bei ya vitunguu, nitaifuma," alisema Habib. Habib alikuwa binamu wa mkewe Ahad, mtu wa ndevu za heshima na ulimi usiomheshimu yeyote, na hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kumpa binadamu.

Kifafa kilimjia Dilshada akiwa na miaka kumi na sita, katikati ya baridi. Alikuwa ameketi kama wote wanavyoketi msimu ule, kijungu cha makaa kikiwa mapajani chini ya joho la sufu. Alipoanguka, makaa yalimwagika ndani ya joho. Ahad aliona mwili wa mwanawe ukipigapiga sakafu, hakuona moshi. Khati, mkewe, ndiye aliyeuona, akalichana lile joho kwa mikono miwili toka shingoni hadi chini. Kovu lilibaki pajani mwa msichana, upana wa kiganja, na tangu siku ile Khati hakumruhusu tena kukaa na makaa. Wakati watu wote wanaota moto tumboni, Dilshada aliketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa.

Walimnusisha kiatu, kama wazee walivyoshauri. Walimshikisha ufunguo wa chuma. Mjomba alileta hirizi kutoka kwa watunza kaburi la walii, Dilshada akaanguka nayo mkononi. Alipoanguka mara ya nne, Khati aliivua hirizi, akaiweka juu ya mlango kwa heshima zote, akamshika binti mkono hadi mjini, kwa Daktari Nuzhat, daktari wa ubongo.

Dawa ya kwanza ilikuwa fenitoini. Ilipunguza maanguko, lakini haikuyamaliza, kisha ikadai malipo yake. Ufizi wa Dilshada ulianza kuvimba, ukapanda juu ya meno ya mbele hadi yakabaki vipande, na kila alipouma mkate damu ilibaki kwenye mkate. Nywele laini zikamwota kwenye taya. Msichana ambaye kazi yake ilikuwa kufungua kinywa mbele za watu akawa anakifunika kwa mtandio, na sauti ikawa inapita kwenye kitambaa kama maji yanayopita kwenye matope. Siku moja Habib alitania kwamba msomaji wetu amekuwa bibi harusi, hataki kuonekana. Hakuna aliyecheka, na Dilshada hakupanda kula. Kesho yake Habib alikuja na mkate mgumu wa ufuta, wa moto, kutoka kwa mwokaji, akauweka mkekani bila neno, akaenda zake kukaa. Alikuwa amesahau kwamba mkate mgumu ndio hasa uliokuwa ukimtoa damu. Dilshada aliula wote.

Daktari Nuzhat akabadilisha dawa. Hakubadilisha kwa siku moja. Aliandika karatasi ndefu: wiki hii punguza hii robo, ongeza ile robo, wiki ijayo hivi, na hivi. Ahad, mtu aliyeishi kwa kufuata karatasi, aliipenda mno karatasi ile. Dilshada alimsomea kila asubuhi, naye akawa anakata vidonge kwa kisu chake cha kufumia, mkono ukiwa imara, na ndani ya wiki sita fenitoini ikaondoka na fenobabitali ikaingia. Ufizi ulirudi polepole. Maanguko yalikoma kabisa. Mwezi, miezi mitatu, kumi na mmoja. Kila Ijumaa Khati alipeleka bakuli la wali msikitini kwa shukrani.

Ila msichana akawa halali, wala hayuko macho.

Asubuhi aliamka kama aliyetolewa kisimani. Aliketi mkekani, akafungua utepe, akautazama. "Tatu," aliita, kisha wakangoja. Habib akawa anasokota ndevu zake. "Tatu... waridi." Safu moja iliyokuwa ikichukua nusu saa ikawa inachukua saa nzima na zaidi. Ahad alijiambia kwamba zulia halina miguu, haliendi popote. Lakini uvivu wa sauti haukuwa tatizo lenyewe. Siku moja ya vuli alipapasa kazi yao kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akifanya kila jioni kabla ya kufunga karakana, akahisi shina la ua limekatika. Akamwita Habib aangalie kwa macho yake mazima. Habib alitazama kwa muda mrefu.

"Karuka mstari, fundi. Kasoma safu ya juu, akarudi ya chini, akaruka tena."

"Safu ngapi?"

"Tano."

Walizifumua. Kufumua zulia ni kazi chungu: kila kifundo kilichofungwa kwa sekunde hutolewa kwa dakika, kwa ncha ya kisu, na uzi haufai tena. Dilshada aliketi akiwatazama, mikono mapajani, na safu zile tano zikaanguka sakafuni kama nywele za kinyozi. Wiki mbili baadaye wakafumua nyingine tatu. Habib alikuwa anaogopa utani wake mwenyewe siku hizo, lakini ulimi una mazoea. Akasema labda fundi atafute msomaji mwingine wa msimu huu tu, hadi dada apate usingizi wa kutosha.

Jioni ile Dilshada alimfuata baba yake karakana.

"Baba, unaniondoa?"

Ahad alisema hakuna anayemwondoa mtu.

"Niondoe basi, niseme umeniondoa. Mimi najiona niko chini ya maji. Naona alama, naijua, najua jina lake. Nikifungua mdomo haipo. Naitafuta. Nikiipata nimesahau nilikuwa wapi." Akaokota uzi uliokatwa sakafuni. "Wenzangu wote wameshaolewa. Hakuna atakayekuja kuniposa mimi, wote wanajua. Sisemi kwa uchungu. Nasema hiki ndicho nilicho nacho, Baba. Nikikaa pale na karatasi, ninyi mnaitika. Nikiondoka pale, nani ataniitika mimi?"

Usiku huo, kwenye chakula, Ahad alimgusia mkewe kwamba dawa inamlaza mtoto mno. Khati aliendelea kupakua mboga ya majani ya haakh juu ya wali. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba anayelala anaamka, na kwamba yeye mikono yake bado inanuka lile joho lililoungua. Mazulia yote ya Kashmiri yangeweza kuchomwa uani, naye angeota moto wake. Miezi kumi na mmoja, alisema. Hesabu miezi, usihesabu vifundo.

Alikuwa na haki. Ahad alilijua hilo. Alijua pia kwamba daktari aliwaambia waziwazi: dawa hii haiachwi ghafla, haipunguzwi kwa akili ya mtu, na ikileta taabu yoyote njooni. Taabu yoyote, alisema, hata mkiiona ndogo. Lakini Ahad aliona haya. Angekwenda kwa mwanamke yule msomi aliyemwokoa mwanawe, aseme nini? Kwamba msichana haanguki, ila zulia linachelewa? Dawa iliyomponya mtu, alijiambia, haishtakiwi. Akaamua kwamba watakwenda baada ya baridi. Kisha theluji ikaanguka siku mbili mfululizo, zikaanza zile siku arubaini za baridi kuu, barabara ya bondeni ikafungwa, na kile alichoahirisha kwa haya sasa akakiahirisha kwa theluji.

Ndipo alipopata wazo lake.

Kila mfumaji anajua kwamba taalimu hupunguzwa. Mchoro wa zulia la ukumbi ukitakiwa uwe zulia la chumba, mchoraji hupunguza kila kitu kwa kiasi kilekile: penye nane panakuwa nne, penye nne panakuwa mbili. Ua haliharibiki. Majani yapo, shina lipo, ndege yupo tawini, ila ni wadogo. Ahad alikuwa amefanya hivyo mamia ya mara kwa kichwa tu. Na alikuwa amemwona daktari mwenyewe akipunguza robo kwa robo kwenye karatasi, na vidonge vilikatwa kwa mkono wake yeye, si wa mtu mwingine. Basi nusu ya dawa ingekuwa nini? Nusu ya usingizi. Na kinga nayo ingebaki, nusu kimo lakini nzima umbo lake, kama ua kwenye zulia dogo. Aliligeuza wazo hilo siku tatu akifunga vifundo, hakuona uzi uliolegea.

Khati ndiye aliyetunza vidonge, ila aliyevitoa asubuhi na jioni alikuwa Ahad, kwa kuwa yeye na binti ndio walioshuka karakana mapema kuwasha jiko, na jioni ndio waliobaki kuifunga. Asubuhi ya nne alikilaza kidonge kwenye ubao, akakiwekea kisu.

"Nusu tu, Baba?" Dilshada aliuliza.

"Nusu tu. Na ya jioni nusu. Tuone."

"Mama?"

"Mama yako tutamwambia mambo yakikaa sawa."

Dilshada akaimeza nusu yake kwa chai ya chumvi. Nusu ya pili Ahad akaisukumiza ndani ya bonge la sufu ya bluu, rangi waliyokuwa wakiitumia kidogo.

Siku ya kwanza hakikubadilika kitu, wala ya pili. Siku ya tano Dilshada aliketi mkekani, akafungua utepe, akaimba, "Mbili zafarani, tisa maziwa, moja nyeusi, moja nyeusi tena, waridi tatu," bila kuvuta pumzi katikati, na Habib akaachia kisu chake kikaanguka. Alimtazama Ahad. Ahad alikuwa ameinamia mtande, machozi yakimtiririka kwenye ndevu.

"Ipo," alisema Ahad.

"Ipo, wallahi," alisema Habib. "Haya, dada, taratibu, sisi wengine tumezeeka wakati ukilala."

Dilshada alicheka. Ufizi wake ulikuwa umepona, meno yake yote yalionekana.

Siku zile za nusu kidonge zilikuwa kumi na saba. Majirani walianza tena kusimama mlangoni, theluji ikiwa imewashika magotini. Sauti yake ilikuwa imekomaa tangu walipoisikia mara ya mwisho. Ilikuwa na uzito chini yake sasa, sauti ya mtu aliyekwenda mbali akarudi. Kazi ilipanda juu ya mtande kama unga unaoumuka. Jioni Ahad aliipapasa akitafuta kosa, si kwa kuwa alilihofia bali kwa raha ya kutolipata. Hata Khati aliona. Alisema dawa imemzoea mtoto hatimaye, akamshukuru Mungu, na Ijumaa ile bakuli lake lilijaa zaidi. Ahad alimtazama akilifunika kwa kitambaa. Akasema tu kwamba asiteleze njiani.

Siku ya kumi na nane, kabla ya adhuhuri, jua lilitoka kidogo, na theluji ya paa ikaanza kuporomoka vipande vipande uani. Dilshada alikuwa katikati ya safu.

"Saba waridi," aliimba. "Mbili..."

Wakangoja rangi. Mikono yao ilikuwa hewani mbele ya mtande. Kwa muda ambao Ahad angeukumbuka kuliko yote yaliyofuata, alidhani anatafuta neno, kama zamani, akasikitika kwamba usingizi umerudi. Kisha akasikia karatasi ikichanika.

Ilikuwa tofauti na maanguko ya kale. Yale yalikuwa na mwisho. Unahesabu, unasubiri, mwili unalegea, mtoto anapumua. Hili lilipungua, na kabla hajafungua macho likaanza lingine, na nyuma yake lingine. Khati alishuka ngazi bila viatu. Alimlaza ubavu, akamwekea joho lake chini ya kichwa, akasema mara moja tu, kwa utulivu wa kutisha, kwamba huyu apelekwe sasa hivi. Vijana wa msikitini walikuja na jeneza, kwa sababu wakati wa theluji hicho ndicho chombo pekee cha kijiji kinachombeba mtu aliyelala. Khati akasimama mlangoni akakizuia. Akasema mwanawe hataingia ndani ya kitu hicho akiwa hai. Wakafunga mablanketi kwenye ngazi ya paa, wakambeba juu ya hiyo, watu wanane wakipokezana, mwendo wa saa mbili hadi barabara kuu lilikopita gari la jeshi la kufagia theluji, na toka hapo hadi hospitali ya mjini ikawa saa nyingine. Njia nzima Ahad alitembea pembeni ameshika ngazi. Hakuwa anabeba. Wangeweza kwenda haraka zaidi bila yeye.

Walimchoma sindano, kisha nyingine, wakamwingiza kwenye chumba chenye mashine. Mwili ulitulia, lakini macho hayakufunguka. Daktari Nuzhat alitoka kuwaona akiwa amevaa koti juu ya koti, maana hospitali ilikuwa baridi. Aliketi nao kwenye benchi.

Alisema hakielewi kilichotokea. Mwaka na zaidi bila anguko, kisha hili. Kama dawa imeshindwa kabisa, basi lazima aiache na aanze na nyingine nzito zaidi. Kabla ya kuamua alitaka kujua jambo moja tu.

"Alikosa dozi? Hata moja?"

"Hajakosa," alisema Khati. Aliweka kiganja juu ya moyo wake. "Naapa kwa uhai wake. Vidonge nahesabu mwenyewe, kila Ijumaa. Mume wangu humpa kwa mkono wake asubuhi na jioni. Sisi si watu wa kuchezea dawa, daktari."

Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya mkono wa Ahad. Alikuwa ameuweka hapo tangu barabarani.

Ahad alitazama sakafu. Hesabu ya Khati ilikuwa sahihi. Kidonge kilitoka asubuhi na kidonge kilitoka jioni. Kama angenyamaza, hakuna kiumbe ambaye angejua, isipokuwa mmoja, naye alikuwa amelala nyuma ya mlango ule bila sauti. Na kama angenyamaza, daktari angeitupa dawa iliyokuwa imemlinda mwanawe, kwa kosa ambalo dawa haikulifanya.

"Nilimpa nusu," alisema.

Daktari Nuzhat alimgeukia.

"Siku kumi na saba. Kila kidonge nilikikata. Nusu nyingine ziko nyumbani, kwenye sufu ya bluu. Alikuwa hawezi kusoma, daktari. Nilidhani... kwetu sisi mchoro ukipunguzwa nusu unabaki mchoro."

Mkono wa Khati uliondoka. Hakuuvuta, aliuinua tu, kama mtu anayeondoa kitu chake alichokisahau mahali, akaurudisha mapajani.

Daktari Nuzhat hakumkaripia. Ingekuwa afadhali. Alivua miwani, akasema kwa taratibu kwamba dawa hii mwili unaiegemea kama ukuta, na ukuta ukivutwa nusu kwa siku moja, nyumba haibaki nusu. Kisha akauliza, na sauti yake ikavunjika kidogo hapo, kwa nini hakuja. Kwa nini hata hakupiga simu. Kusinzia ni jambo analolisikia kila siku. Dawa nyingine zipo, zinazolaza kidogo. Angempunguzia hii robo kwa robo huku akiingiza ile, kama walivyofanya mara ya kwanza.

"Uliifuata vizuri sana karatasi yangu ile," alisema. "Niliwasifia kwa wanafunzi wangu."

Dilshada alifungua macho siku ya sita. Siku ya kumi alimtambua mama yake. Alirudi nyumbani milozi ikiwa imechanua, akitembea mwenyewe, amevaa kitambaa cheupe kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zikidondoka kwa dawa mpya. Dawa sasa zilikuwa mbili. Mkono wake wa kulia ulitetemeka kidogo aliposhika kikombe. Alikuwa mpole, alicheka kwa urahisi, alisahau kwa urahisi. Alijua majina ya watu wote na njia ya kwenda kwa mwokaji. Siku ya pili ya kurudi kwake Ahad alimwekea utepe wa taalimu mapajani. Dilshada aliugeuza huku na huku, akautandaza, akazitazama zile alama kwa makini na heshima, kama mtu anayetazama maandishi ya nchi nyingine. Kisha akaukunja vizuri, akamrudishia.

Daktari alisema mengine yatarudi, mengine hayatarudi, na hakuna karatasi ya kuonyesha yapi.

Khati alifunga ufunguo wa sanduku la dawa kwenye ncha ya mtandio wake, pamoja na ufunguo wa ghala la mchele. Alimpikia mumewe, alimfulia, alimwambia maji yamechemka au mgeni amekuja. Hakumgombeza hata siku moja. Ahad aliungoja ugomvi huo majira yote ya kuchipua, kama mtu anayengoja mvua, haukuja.

Habib ndiye aliyesoma sasa. Alisoma kama anayetafuna karanga, na alikuwa mpweke katika kusoma kwake, maana mtani hawezi kujitania. Kijana wa jirani alikuja kufunga vifundo mahali pake. Dilshada naye alishuka karakana kila siku, kwa kuwa Khati alisema afadhali awe panapo watu. Aliketi ubaoni kando ya baba yake, akamsokotea nyuzi, na Habib alipoita rangi, akaitikia pamoja nao, nusu pumzi nyuma. "Ipo." Mkono wake haukuwa umefunga kitu.

Mwezi wa nne kazi ilikuwa imekaribia kilele. Mchana mmoja Habib alikwenda kuswali, karakana ikabaki na baba na binti. Ahad alisikia kiganja kikiteleza juu ya zulia, taratibu, kutoka chini. Alijua kinapita wapi bila kuona. Hapa ndipo walipofumua zile tano, pana ugumu mdogo. Hapa zile tatu. Kiganja kikapanda, kikasimama. Kikarudi chini kidogo, kikapanda tena. Kilikuwa kwenye upana wa vidole vinne ambao Ahad alikuwa ameuepuka tangu baridi. Aliposhika kazi jioni, mkono wake uliruka pale kama unavyoruka jeraha. Hapakuwa na kosa hata moja. Fundi yeyote angepapasa zulia zima na kusema, hapa ndipo penye zulia lenyewe.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Hapa nani alisoma?"

Ahad aliweka kisu chini.

"Pametulia," alisema Dilshada. Bado alikuwa akipapasa. "Kwingine kote mkono unashtuka. Hapa unakwenda tu. Alikuwa nani?"

"Ni wewe."

Akacheka, kicheko chake kipya, chepesi. "Usinitanie, Baba. Mimi sijui kusoma hivyo vitu."

Sauti ya Khati ilishuka kutoka juu, ikimwita mtoto, saa ya dawa imefika. Dilshada aliinuka. Alipofika kwenye ngazi alisita, akatazama huku na huku kana kwamba ameacha kitu, na Ahad akanyanyuka kumshika kiwiko. Wakapanda pamoja. Khati alikuwa amekwisha kufungua sanduku. Vidonge viwili vilikuwa kwenye kiganja chake, vizima, na alivishikilia hapo, mbele ya macho ya mumewe, hadi Ahad alipomimina maji.